Mganga, daktari na mgonjwa aliyeachwa katikati

WITEITHIE ni jina la Kikuyu lenye maana ya "jisaidie". Ni vigumu kupata neno linaloeleza vyema zaidi hali ya mkazi wa mtaa huo, ulio kati ya Juja na Thika katika Kaunti ya Kiambu, anapoamka na maumivu ya kiuno yasiyoisha au anapoambiwa kwamba sukari imepanda mwilini.

Akitaka hospitali, zipo. Upande mmoja kuna Hospitali ya Thika Level 5, na upande wa pili kuna Hospitali ya Ruiru, zote zikifikika kwa matatu kupitia barabara kuu ya Thika. Akitaka mitishamba, hana haja hata ya matatu. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya eneo hilo, kuna vibanda vya magome na mizizi, maduka yenye chupa za maji ya rangi ya kahawia, na wachuuzi wanaopita nyumba hadi nyumba. Isitoshe, kuna matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme ya "daktari" kutoka Tanga au Sumbawanga anayeahidi kumrudisha mpenzi aliyetoroka, kushinda kesi mahakamani na kuponya kisukari, yote kwa nambari moja ya simu.

Kisichokuwepo ni njia ya kuunganisha huduma hizi mbili. Mgonjwa mwenyewe ndiye njia. Hutoka kwa mganga akaenda kwa daktari, na aghalabu huvuka kimya kimya, bila kumweleza daktari alichokunywa jana wala kumwonyesha mganga alichoandikiwa leo.

Kisheria, hali hii haikupaswa kuendelea hadi sasa. Sheria ya Afya, iliyotiwa saini Juni 2017, ina sehemu nzima kuhusu tiba za jadi na tiba mbadala. Inaitaka Wizara ya Afya kuunda sera za kuongoza huduma hizo. Inaagiza chombo cha kuzisimamia kibuniwe kupitia sheria ya Bunge. Inataka viwango viwekwe, maarifa ya waganga yaandikwe, na mwongozo uandaliwe kuhusu jinsi wagonjwa watakavyoelekezwa kutoka kwa waganga hadi katika vituo vya afya vya kawaida. Tangu wakati huo Kenya imefanya chaguzi kuu mbili, na chombo hicho hakijaundwa.

Kutokana na pengo hilo, mganga wa jadi humu nchini ana wakubwa wengi lakini hana msimamizi. Cheti chake cha kumtambua kimekuwa kikitolewa na idara ya utamaduni, ile ile inayoshughulikia ngoma na sanaa. Dawa yake ikifungashwa ili iuzwe madukani, ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu kuikagua na kuisajili. Leseni ya duka lake hutoka kwa kaunti. Akikata gome msituni, atakutana na askari wa misitu. Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye jukumu la kuuliza swali ambalo mgonjwa angependa liulizwe kwanza: je, mtu huyu anajua anachokifanya?

Juu ya hayo kuna Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925. Sheria hiyo ya kikoloni haikutungwa kwa ajili ya mitishamba, lakini kwa miongo mingi imewafanya waganga kufanya kazi kwa hadhari wakiogopa kutiwa katika kapu moja na wachawi. Ni kinaya cha historia kwamba Mzee Jomo Kenyatta, ambaye nyumbani kwake Gatundu si mbali na Witeithie, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, Facing Mount Kenya, kuwa babu yake alikuwa mganga na kwamba yeye mwenyewe alijifunza mengi kwa kuandamana naye. Alipokuwa Rais, sheria hiyo ilibaki pale pale.

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni la pembeni wakati ambapo hospitali zenyewe zina upungufu wa dawa na wahudumu. Lakini ni upungufu huo hasa unaolifanya kuwa la dharura. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Waligoma tena kwa siku 56 mwaka wa 2024. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kiambu peke yake, madaktari wa kaunti hiyo walipoweka vifaa vyao chini kwa zaidi ya siku 100. Wagonjwa hawakugoma. Wenye fedha walikwenda hospitali za kibinafsi, na wasio nazo wakatafuta palipokuwa wazi. Kibanda cha mitishamba hakifungwi kwa sababu ya mkataba wa mishahara.

Mpango mpya wa bima haukubadilisha hali hiyo. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mapato ya mfanyakazi, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Mganga wa jadi hayumo katika mpango huo, na ni vyema asiwemo maadamu hakuna anayeweza kuthibitisha ubora wa kazi yake. Lakini maana yake ni kwamba anayemtembelea hulipa mara mbili: bima kwa upande mmoja, na fedha taslimu kwa upande mwingine.

Takwimu inayotajwa kila mara katika mijadala hii, kwamba asilimia 80 ya Waafrika hutegemea tiba za jadi, imekaririwa kwa miongo kadhaa hadi imekuwa kama kibwagizo. Haimsaidii kwa lolote msimamizi wa zahanati ya Kiambu. Anachohitaji kujua ni jambo dogo zaidi: ni wagonjwa wangapi kati ya waliopiga foleni asubuhi hii ambao wana dawa nyingine tumboni.

Chukua mfano wa mama mwenye kisukari aliyepewa vidonge vya metformin katika zahanati. Jirani anamshauri aongeze mchanganyiko wa mizizi unaosemekana kushusha sukari. Iwapo mchanganyiko huo hauna nguvu, amepoteza fedha. Iwapo una nguvu kweli, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi, hasa ikiwa mgonjwa anajidunga insulini. Mshubiri, unaotumiwa na wengi kusafisha tumbo, unaweza kumharisha mtu hadi apoteze maji na madini ya potasiamu, jambo ambalo ni la kuogofya kwa mwenye maradhi ya moyo anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Hata kitunguu saumu cha jikoni, kikitumiwa kwa wingi, kinaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa anayetumia warfarin.

Kwa hivyo, hoja kwamba mitishamba haina madhara kwa sababu ni ya asili haina mashiko. Dawa inayoweza kuponya inaweza pia kudhuru. Vilevile, hoja ya upande wa pili, kwamba yote ni upuuzi, inakanushwa na wanasayansi wenyewe. Dawa inayotegemewa kutibu malaria humu nchini tangu Kenya ibadilishe sera yake katikati ya miaka ya 2000 ina asili yake katika mmea wa artemisia, uliotumiwa kutibu homa nchini China kwa karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa kazi hiyo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba kati ya kitabu cha zamani cha Kichina na kidonge cha leo kulikuwa na miaka ya maabara, majaribio na vipimo. Mmea ulikuwa mwanzo tu.

Kenya haijakosa maabara. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ilianzisha kituo cha utafiti wa tiba za jadi na dawa mwaka wa 1984. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, jirani kabisa na Witeithie, na kimeshirikiana na KEMRI kwa muda mrefu katika kufunza watafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichoko mjini Thika, hufunza wanafamasia. Kwa maneno mengine, mkazi wa mtaa huu anaishi katikati ya wataalamu wanaoweza kupima kilichomo ndani ya chupa anayouziwa, lakini hakuna utaratibu wa kuifikisha chupa hiyo kwao.

Kisa cha mmea mmoja kinatosha kuonyesha gharama ya kukosa utaratibu. Wakikuyu huuita mukawa. Ni kichaka chenye miiba na matunda meusi matamu ambayo watoto wa vijijini huyajua vyema. Mwaka wa 2006, watafiti wakiongozwa na Festus Tolo wa KEMRI walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya mizizi yake yalizuia virusi vya herpes kwenye maabara na kwa panya. Yalikuwa matokeo ya kutia moyo, na yalihitaji hatua nyingine nyingi kabla ya mtu yeyote kuyaita dawa.

Miaka mitano baadaye, mmea huo huo ulivuma kwa njia tofauti kabisa. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Masapila, alianza kuwanywesha wagonjwa kikombe cha maji ya mizizi hiyo, ambayo huko huitwa mugariga, kwa Sh500 za Tanzania. Alisema ameoteshwa na Mungu. Maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walijipanga katika misururu ya magari iliyonyoosha kwa kilomita nyingi. Wapo waliofia njiani. Wapo walioacha dawa za ARV wakiamini wamepona. Masapila aliaga dunia Julai 2021, na umati ulikuwa umetawanyika kitambo.

Mmea ulikuwa mmoja. Upande mmoja ulikuwa na ushahidi usiomfikia mgonjwa, na upande wa pili ulikuwa na wagonjwa wasio na ushahidi. Chombo kilichoagizwa na sheria ya 2017 kingekuwa na kazi ya kusimama katikati ya hayo mawili.

Majirani wamekwenda mbele kidogo, ingawa si kwa wepesi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka wa 2002 na kuunda baraza la kusajili waganga chini ya wizara ya afya, wala si utamaduni. Hata hivyo, baraza hilo halikuzuia Loliondo, na Januari 2015 serikali ililazimika kupiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi. Uganda ilipata sheria yake mwaka wa 2019. Ghana, iliyotunga sheria kama hiyo mwaka wa 2000, imefika hatua ya kuwa na vitengo vya mitishamba ndani ya hospitali za umma, vikihudumiwa na watu waliosomea taaluma hiyo katika chuo kikuu.

Lakini mfano unaoifaa Kiambu pengine si wa sheria bali wa Tanga. Huko, mapema katika miaka ya 1990, Ukimwi ukiwa hauna dawa, wahudumu wa hospitali na waganga wa jadi walianza kufanya kazi pamoja. Waganga walitoa mitishamba ya kutuliza magonjwa nyemelezi. Hospitali nazo zilipima na kufuatilia wagonjwa. Nchini Uganda, shirika la THETA lilianzishwa mwaka wa 1992 kwa nia kama hiyo, na likawafunza waganga kutambua dalili, kutoa ushauri na kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Hakuna aliyedai kwamba mganga amekuwa daktari. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alijua jina la mwenzake.

Vikwazo vya kufanya hivyo hapa vina sura mbili, na zote zinastahili kusikilizwa.

Madaktari wanahofia kwamba kumpa mganga kitambulisho cha Wizara ya Afya ni kumpa tapeli silaha. Hofu hiyo ina msingi. Yule wa nguzo ya umeme atakuwa wa kwanza kukimbilia cheti na kukipachika kwenye tangazo lake. Katika sehemu mbalimbali za dunia, dawa zinazouzwa kama za mimea zimepatikana zikiwa zimechanganywa na steroidi au dawa za nguvu za kiume za viwandani, ndiyo maana zikafanya kazi haraka kiasi cha kumshangaza mnunuzi. Usajili usioandamana na upimaji ni afadhali usiwepo.

Waganga nao wanahofia wizi. Historia iko upande wao. Gome la mwiri, mti unaomea katika misitu ya nyanda za juu za Kenya, lilisafirishwa kwa wingi hadi Ulaya kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi ya kibofu ambazo zimekuwa zikiuzwa Ufaransa na Italia. Mti huo ulikatwa kiasi cha kuwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini mwaka wa 1995. Wazee walioujua mwiri kwa vizazi hawakuonekana katika hesabu ya faida. Mzee anayejua kipimo cha muthiga kwa mtoto mwenye kikohozi ana sababu ya kunyamaza afisa wa serikali anapofika na daftari.

Kwa hili la pili, sheria ipo tayari. Katiba ya 2010 inaitaka serikali kulinda maarifa asilia ya jamii kuhusu mimea na viumbe, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 inaitaka kila kaunti iwe na sajili ya maarifa hayo. Kaunti haihitaji kungoja Bunge ili kuifungua sajili hiyo. Inahitaji karani, kabati linalofungwa na wazee wanaoiamini.

Ndipo linapokuja swali la nani aanze. Wanasiasa hupenda wazo la kujenga kituo cha mitishamba chenye jiwe la msingi. Wazo hilo linaweza kungoja. Kenya imewahi kuunganisha tiba ya jadi na ya kisasa kwa njia isiyo na jiwe lolote, nayo ni ya wakunga wa jadi. Kwa miaka mingi serikali iliwafunza kuzalisha. Ushahidi ulipoonyesha kwamba mafunzo hayo hayatoshi kuokoa maisha ya akina mama, sera ikageuka. Huduma za uzazi zilipofanywa kuwa za bure katika hospitali za umma Juni 2013, katika maeneo mengi mkunga aliombwa asizalishe tena bali amsindikize mama hadi hospitalini. Wengine walilalamika kwamba wamenyang'anywa riziki, na baadhi ya kaunti na mashirika yakawalipa kiasi kidogo kwa kila mama waliyemfikisha. Mpango huo haukufaulu kila mahali. Lakini ulimpa mkunga kazi inayoeleweka na mpaka unaoeleweka, na mama akaacha kumficha.

Watu wa kufanya kazi hiyo kwa upande wa mitishamba pia wapo. Septemba 2023, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini na kuwapa mikoba yenye vipima sukari na vipima shinikizo la damu. Hao ndio wanaoingia nyumbani. Wanajua ni nani anayechemsha magome jikoni, na ni mganga yupi mtaani anayeheshimiwa na yupi anayekwepwa. Wakiagizwa kuuliza kuhusu mitishamba kwa lugha isiyomwaibisha mgonjwa, na kuandika jibu, zahanati itapata kwa mara ya kwanza picha ya kile ambacho wagonjwa wake hutumia. Wakiagizwa kumtembelea mganga na kumweleza kwamba mtoto mwenye degedege, mtu anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili au mama mjamzito anayevuja damu hafai kulala kwake hata usiku mmoja, rufaa iliyotajwa katika sheria ya 2017 itakuwa imeanza, ijapokuwa bila chombo.

Hatua hizo ziko ndani ya uwezo wa kaunti, kwa kuwa afya ya msingi ni jukumu lake kikatiba. Usajili wa waganga, viwango vya dawa na adhabu kwa matapeli vitabaki mikononi mwa Bunge na Wizara, na shinikizo la nje linaongezeka. Azimio la Alma-Ata la mwaka wa 1978 liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wahudumu wa afya ya msingi. Mei 2025, mkutano wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mjini Geneva ulipitisha mkakati mpya kuhusu tiba za jadi utakaotekelezwa hadi mwaka wa 2034. Kenya ina mazoea ya kuidhinisha mikakati kama hiyo na kurejea nyumbani.

Kwa sasa, mgonjwa wa Witeithie anayekwenda kliniki ya kisukari huingia na daftari lake mkononi. Ndani yake mna tarehe, uzani, kipimo cha sukari, kipimo cha shinikizo la damu na vidonge alivyopewa mwezi uliopita. Alichokunywa asubuhi kabla ya kupanda matatu hakimo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.